Nani Abebe Mbwa Mwitu?

Kila piano unayoisikia, iwe ya kanisani, ya hotelini au ya sebuleni kwa mtu mwenye nafasi yake pale Upanga, ina kosa ndani yake. Sizungumzii piano mbovu. Nazungumzia piano nzuri, iliyotoka mikononi mwa fundi hodari asubuhi ya leo. Fundi huyo ameikosea makusudi, amelipwa kwa kuikosea, na kama asingeikosea mwenye piano angegoma kumlipa. Sasa hapa pana swali lililoninyima usingizi, na ndilo nataka tulijadili, ndugu msomaji. Je, jambo linaweza kuwa la haki bila ya kuwa sahihi? Na kama kosa halikwepeki, nani alibebe?

Najua yupo atakayesema, bwana we, sisi tunahangaika na nauli, wewe unatuletea habari za piano. Subiri kidogo. Hesabu ya piano ni hesabu ya nyumba yoyote yenye watu wengi na mali kidogo. Na hesabu yenyewe si ngumu, ni ya shule ya msingi.

Kila aliyepita kwaya anaijua do, re, mi. Kutoka do hadi do ya juu yake tunaita oktava: uzi wa juu hutetema mara mbili ya ule wa chini. Kutoka do hadi so, sauti zikiwa safi kabisa, uzi wa so hutetema mara tatu wakati ule wa do unatetema mara mbili. Hiyo haikutungwa na Mzungu wala Mwarabu. Ndivyo nyuzi zilivyo, na sikio hutulia likizisikia hivyo.

Sasa panda. Anza na ufunguo wa kwanza kabisa upande wa kushoto wa piano, ambao uzi wake hutetema mara 27.5 kwa sekunde. Ufanye huo kuwa do. Panda hadi so yake. Hiyo so ifanye do mpya, upande tena hadi so yake. Fanya hivyo mara 12. Utakuwa umezipitia sauti zote 12 za piano, kila moja mara moja, na umerudi nyumbani kwenye do yako, oktava saba juu ya pale ulipoanza. Ukihesabu kwa oktava, yaani 27.5 uizidishe kwa mbili mara saba, unapata mitetemo 3,520. Lakini wewe uliyekuja kwa njia ya so safi unajikuta kwenye 3,568. Mitetemo 48 imezidi! Mwanzo mmoja, mwisho uliotakiwa kuwa mmoja, na kumbe mmefika vituo viwili tofauti.

Tofauti hiyo inaitwa koma ya Pythagoras, kwa jina la yule Mgiriki. Ni karibu robo ya hatua ndogo kabisa iliyopo kwenye piano, ile ya kutoka ufunguo mmoja hadi wa jirani yake. Hakuna fundi wala kompyuta itakayoifuta. Ni kama mkeka uliozidi chumba: ukiukandamiza huku, unainuka kule. Kwa hiyo fundi hajiulizi jinsi ya kuondoa kosa. Anajiuliza aliweke wapi.

Watu wa zamani wa Ulaya, kabla piano haijabuniwa, walikuwa na jibu lao. Mwaka 1523 huko Venice, Pietro Aron alichapisha kitabu kilichoeleza namna ya kuzipatanisha sauti za vinanda. (Mafundi wa mjini wanasema kutyuni. Mimi nitasema kupatanisha, maana ndilo neno tunalolitumia hata kwa watu waliogombana, na mtaona linafaa.) Katika namna hiyo kila so ilishushwa kidogo ili zile mi zitoke safi. Zikatoka safi kweli. Hatua nane za do na mi zilikuwa tamu kama asali, tamu kuliko chochote utakachokisikia kwenye piano ya leo. Lakini deni lote lililobaki likarundikwa mahali pamoja, kwenye so moja tu kati ya zote 12. Hiyo moja ikawa mbaya, mbaya sana. Ukiigusa inalia uuu, inakwaruza masikio. Wazungu wakaiita mbwa mwitu.

Na unajua walifanya nini na mbwa mwitu wao? Hawakumgusa. Watunzi walitunga wakimkwepa, wapigaji wakajifunza kutopeleka vidole vyao upande ule. Kinanda kikasifiwa kwa utamu, na utamu wenyewe ulitegemea wote kukubaliana kuwa pembe moja haitasikika.

Jibu la pili lilikuwa kugawana. Mwaka 1584 nchini China, mwana mmoja wa ukoo wa kifalme wa Ming, Zhu Zaiyu, alikokotoa jinsi ya kuigawa oktava katika hatua 12 zilizo sawa kabisa. Kule Ulaya nako wakabishana kwa vizazi vingi. Piano ikabuniwa Italia na Bartolomeo Cristofori karibu na mwaka 1700, na kufikia karne ya 19 mgawanyo huo wa sawa ukaanza kuwa kawaida ya piano. Kila so hupunjwa sehemu moja ya 12 ya koma, basi. Hakuna iliyo safi, hakuna inayolia. Mbwa mwitu amekatwa vipande 12 na kila mmoja amekula chake.

Niliwahi kushinda asubuhi nzima nyuma ya fundi mmoja akipatanisha piano ya ukumbi wa kanisa. Ana spana yake ya kuzungushia vile vichuma vinavyoshika nyuzi, na vipande vya mpira vya kuzibia nyuzi asizotaka zilie. Alipiga sauti mbili pamoja akaniambia, "Sikiliza, kijana. Inapepea." Kweli, ndani ya ule mlio palikuwa na kitu kinapanda na kushuka, wau, wau, wau. Akakaza kidogo. Wimbi likawa pole, likawa pole zaidi, mwisho likatulia tuli. Sauti mbili zikawa kitu kimoja. Mimi nikasema, "Hapo hapo, mzee!" Akacheka. "Hapo ni pazuri mno. Kuna wenzake 11 wanasubiri." Akashusha kwa unywele hivi, wimbi likarudi, lakini la taratibu. Kwa sauti alizokuwa akizipiga, katikati ya piano, alihesabu mawimbi matatu ndani ya sekunde nne. Akaridhika, akaendelea na ya pili.

Pazuri mno! Mimi nilikuwa nimezoea kuwa kitu kikiwa kizuri kinaachwa. Kumbe uzuri wa mmoja ukikamilika unaweza kuwa ni fungu la mwenzake limeliwa.

Hapo nikaikumbuka nyumba yetu. Tulikuwa watoto watano na mshahara mmoja. Dada yetu mkubwa alifika kidato cha pili. Mwaka ule ada haikutosha, mzee akapiga hesabu, akaona akitoka mmoja wanne watavuka. Dada akatoka. Akapelekwa kwa shangazi kusaidia genge, kisha akarudi kutupikia. Wanne tukasoma. Wageni wakija walimsifu mzee: hongera, watoto wako wote wamesoma! Wote. Na dada yuko jikoni anawachemshia chai wageni hao hao, analisikia hilo neno.

Simlaumu mzee kwa ada kutotosha. Upungufu hakuuleta yeye, kama vile fundi hakuileta koma. Ninachokiuliza ni kile kilichofuata. Ilikuwaje deni zima likae juu ya mtu mmoja, halafu nyumba nzima ikajifunza kutougusa ufunguo ule? Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ukiubeba mwenyewe ni mawe, ukimtazama mwenzio kaubeba unauona mwepesi kabisa, unashangaa kwa nini anahema.

Utaniambia, ada haigawanyiki kama mitetemo. Huwezi kumsomesha mtoto robo tatu ya kidato. Nakubali. Yapo mambo ambayo ukiyagawa sawasawa kila mtu anabaki na kipande kisichofaa kitu, na mtu mwenye haki hana budi kuchagua. Lakini tazama ni mangapi yalikuwa yanagawanyika na hayakugawanywa. Kuchota maji kunagawanyika. Kupika kunagawanyika. Mshahara wa kwanza wa yule aliyesomeshwa unagawanyika. Hata lile neno "wote" linagawanyika, mtu anaweza kusema, "Wanne wamesoma, na huyu hapa ndiye aliyewasomesha." Haligharimu hata senti.

Sasa nijibu pingamizi tatu, maana nimeyasema haya kijiweni na sikuachwa salama.

La kwanza: jamaa mmoja aliniuliza, kwa hiyo unahalalisha uongo mdogo mdogo? Karani akichukua chai kidogo, mwalimu akifundisha nusu kipindi, muuza nyama akibonyeza mizani kwa kidole, kila mmoja kapunja kidogo, basi ndiyo mapatano? Hapana. Kosa la fundi wa piano lina mambo matatu ambayo chai ya karani haina. Linajulikana: ukimuuliza atakuonyesha na atakuhesabia. Lina kipimo: likizidi, sikio linamkamata. Na halimnufaishi mmoja dhidi ya mwenzake, kila sauti imetoa kiasi kile kile. Karani anachukua gizani, bila kipimo, na anachukua yeye tu. Huyo anafuga mbwa mwitu na kumwelekeza mlangoni kwa jirani.

La pili ni gumu zaidi. Ukigawana kosa, unapoteza utamu. Hii ni kweli na siwezi kuificha. Kwenye piano ya leo hatua ya do na mi imezidi kiasi. Katikati ya piano mawimbi yake ni karibu tisa kwa sekunde, na hatuyasikii kwa sababu tumeyazoea tangu utotoni. Kwaya nzuri ikiimba bila chombo huweza kutua kwenye mi iliyo safi. Wagogo wa Dodoma wanaijua siri hii kuliko wengi wetu. Ilimba yao hufuata sauti safi zinazotoka kwenye maumbile ya mlio wenyewe, na aliyewahi kumsikia Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, anajua kuwa pale hapakuwa na kupunjana. Kwa nini wao wanaweza na piano haiwezi? Kwa sababu ilimba ina makazi yake. Haiombwi kuhama kutoka do hii kwenda do ile kila wimbo ukibadilika. Piano imeahidi kumpokea kila mwimbaji, wa sauti ya juu na wa sauti ya chini, popote atakapoiweka do yake. Aliyeahidi kuwapokea wote hawezi kuwa mtamu kabisa kwa mmoja. Ndivyo ilivyo kwa mama mwenye watoto wengi, na ndivyo ilivyo kwa mji kama Dar es Salaam.

La tatu ndilo linaloniuma, na nililetewa na mpiga fidla wa taarabu. Alisema, "Umegawa sawa kwa hao 12. Je, sisi tusiokuwamo?" Nikanyamaza. Taarabu ya Unguja imerithi kutoka Misri na Uarabuni sauti zinazokaa katikati ya funguo za piano. Kanuni inazitoa, fidla inazitoa. Piano haina pa kuziweka. Mwaka 1932 ulipofanyika mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu mjini Cairo, wakubwa walibishana kama piano ikaribishwe katika muziki huo au ikataliwe, na palikuwa na piano za kujaribia zilizoongezwa zile robo za sauti. Ubishi wao una maana hadi leo. Unaweza kugawa mzigo kwa haki kamili baina ya waliokaa mezani, na bado ukawa umemdhulumu aliyeachwa nje ya mlango. Kabla hujasifu mgawanyo, uliza kwanza nani alihesabiwa.

Basi tuseme tumegawana, na kila aliyepaswa kuhesabiwa amehesabiwa. Kazi imekwisha? Hapo ndipo wenye piano za nyumbani wanapokosea, na sisi wengine nyuma yao. Mtu ananunua piano, anamwita fundi siku ya kwanza, basi anadhani ameoa. Miaka kumi baadaye anashangaa mbona inalia kama masufuria.

Piano ina nyuzi kama 230 hivi kwa funguo zake 88, na zikijumlishwa mvuto wao ni tani kati ya 15 na 20. Mzigo wa lori, ndugu yangu, usiku na mchana, hata ukiwa umelala! Nyuma ya nyuzi hizo upo ubao wa sauti, mwembamba, wa mti wa jamii ya misonobari, nao unakunywa hewa. Masika ikiingia unavimba, nyuzi zinakazika, sauti inapanda. Kiangazi kikija unakauka, sauti inashuka. Na haipandi wala kushuka sawasawa kwa funguo zote, kwa hiyo ule mgawanyo wa fundi unavurugika wenyewe bila mtu kuwa na nia mbaya. Kwa hiyo mbwa mwitu hakuondoka moja kwa moja. Yuko nje anasubiri mvua.

Kwa hiyo watengenezaji wengi hushauri piano ipatanishwe walau mara mbili kwa mwaka, na iliyo mpya mara nyingi zaidi katika mwaka wake wa kwanza. Ukihama nayo, iache itulie wiki mbili tatu ndipo umwite fundi. Iweke kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha, jua, jiko na upepo wa kiyoyozi. Sisi wa pwani tuongeze uangalifu, maana hewa ya bahari hutia nyuzi kutu. Usiweke juu yake chombo cha maua chenye maji. Usipake mafuta kwenye nyuzi wala kwenye vichuma vyake hata vikilia, maana kichuma kikishapata mafuta hakishiki tena. Chungulia ndani mara kwa mara: nondo na panya hupenda ile sufi iliyoshindiliwa ya vinyundo, na mchwa hawajali kama mbao ni ya piano au ya kabati. Ukiiacha miaka mingi, fundi hawezi kuirudisha kwa siku moja. Ataivuta kwanza kwa jumla, kisha airudie kwa makini, na huenda nyuzi nyingine zikakatika kwa kushtuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Zipo, basi, namna mbili za kutokuwa sahihi. Ipo ya fundi, iliyopimwa na kugawanywa. Na ipo ya uzembe, iliyoachwa ikue yenyewe. Kwa mbali zinafanana, na wazembe wengi hujificha nyuma ya fundi wakisema, "Hata yeye hana piano iliyo safi." Tofauti ni kwamba fundi atarudi baada ya miezi sita na spana yake.

Hata ile sauti ya kuanzia, ambayo kila fundi huichukua kabla ya zote, haikushuka kutoka mbinguni. Ni mitetemo 440 kwa sekunde, na ilikubaliwa na watu waliokaa kikao London mwaka 1939, maana kabla ya hapo ilitofautiana kutoka mahali hadi mahali. Watu walikaa, wakabishana, wakakubaliana. Sioni kuwa jambo hilo linaipunguzia heshima. Naona linatuongezea sisi kazi, kwa sababu kilichowekwa kwa kukubaliana hulindwa kwa kukubaliana tena na tena.

Msimamo wangu basi ni huu. Upungufu upo, na atakayekuahidi nyumba, ofisi au nchi isiyo nao, mwangalie mikono. Kinachotuhukumu ni mahali tulipouweka, kama tuliuweka mchana kweupe, na kama tunarudi kuutazama kila masika yakipita. Najua wapo watakaonipinga. Watasema bora wachache wawe watamu kabisa kuliko wote wawe wa wastani, na kwamba hakuna kazi kubwa iliyowahi kufanywa bila mtu mmoja kubebeshwa. Waandike, tutawasoma. Ila kabla hawajashika kalamu nawaomba wajibu swali moja: katika nyumba mnayolala, ni nani ambaye wageni wakiwasifu "wote" huwa yuko jikoni?